Mistari ya Mineo

Tokorozawa, 8 Januari 1988

Shemeji Teizo,

Salamu za mwaka mpya nilikwisha kukutumia kwa kadi, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Mimi ni Tazuko, mke wa marehemu mdogo wako Mineo. Najitambulisha kwa sababu kurasa nilizoletewa kutoka ofisini kwako zimenisahau, nikaona huenda na wewe mwenyewe umenisahau.

Yule binti wa ofisini alinipigia simu kabla ya sikukuu. Ana adabu zake, sina ugomvi naye. Akaniambia Studio Tsumuji inatimiza miaka thelathini na mnaandika kitabu cha historia yake, akaomba picha za Mineo za ujanani. Nikampa. Naye akaniletea sura za mwanzo, "ili mama azisome afurahi." Nimezisoma. Nimesoma jinsi ndugu wawili kutoka Matsumoto walivyoanza kutengeneza filamu za katuni kwenye ghala la kuchachushia soya ya miso la mjomba wao pale Tanashi, mkubwa akitafuta wateja, mdogo akichora. Hayo ni kweli. Kisha nikafika mwaka 1972 nikakuta sentensi moja: "Mwaka huo Kashiwagi Mineo aliacha kazi kwa sababu za kiafya."

Afya gani, shemeji? Mineo alikuwa mzima kama fahali. Ulimfukuza. Ulimfukuza yeye, na mimi niliyekuwa mkuu wa chumba cha kupakia michoro rangi, na wanawake wote wa chumba kile, kwa sababu tulikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi na tulidai mwanamke akijifungua asinyang'anywe kazi yake. Ukalifunga lango tukiwa nje, ukalipigilia mbao, ukaweka walinzi. Tulisimama pale majira yote manne, na zaidi. Kitabu chako hakina lango hata moja.

Hilo moja. La pili ni hili. Siku ya pili ya mwaka nilikuwa kwa dada yangu tunakula mochi za mchele, televisheni ikaanza kuonyesha Mbweha wa Chumvi. Unajua niliapa kutoitazama filamu hiyo, maana mliitengeneza nyuma ya lango lile lile, ikawatoa kwenye shimo la madeni na kuwapa jina. Nikainuka nizime. Dada akasema, "Kaa chini. Huyo mnyama kakukosea nini?" Nikakaa.

Mbweha akatoka mtoni, mfuko wa chumvi mgongoni. Akajikung'uta maji. Akaanza na masikio, akasita, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa mbali, ndipo akajikung'uta mwili mzima, mkia mwisho.

Nimeipaka rangi mistari ya Mineo zaidi ya miaka kumi. Wachoraji wengine wote humkung'uta mnyama mara moja, kama kitambaa cha mezani. Kule kusita ni kwa Mineo. Alimwona mbwa wa mama yenu akisita hivyo, akamchora mpaka mama akalalamika kwamba mbwa anakosa usingizi. Nikangoja majina mwishoni. Yamepita yote, hata la mpishi. La Mineo halimo.

Kwa hiyo nimeelewa. Tulipofungiwa nje, meza yake ilibaki ndani, na michoro yake ikabaki mezani. Mkaichukua. Mlimfukuza mtu mkabaki na mkono wake. Jambo hilo lina jina moja tu, nalo ni wizi.

Nataka jina lake liwekwe kwenye filamu, na kitabu kiseme kwamba alifukuzwa.

Tazuko


Tanashi, 16 Januari 1988

Shemeji Tazuko,

Nimepokea barua yako. Huku baridi ni kali mwaka huu na bomba la bafuni limepasuka. Natumaini goti lako halikusumbui sana.

Kuhusu kitabu, ni kazi ya ofisi. Kinaandikwa kwa ajili ya wateja na watu wanaotupenda, na wanaotupenda hawataki kusikia kelele za zamani. Sentensi ile iliwekwa kwa nia njema. Ukiona inafaa, tutaandika kwamba Mineo alikuwa nguzo ya studio, na tutaweka picha yake ukurasa mzima.

Kuhusu filamu, michoro inayochorwa studio ni mali ya studio. Ndivyo ilivyo kila mahali katika kazi hii. Zaidi ya hapo sina la kusema, na nakuomba kama kaka wa mumeo: usilichimbe. Yaliyopita si ndwele. Siku ukipata nafasi njoo Tanashi, kuna mahali wanachoma samaki wa mkunga vizuri, tule kama watu wa nyumba moja.

Kashiwagi Teizo


Tokorozawa, 19 Januari 1988

Shemeji,

Sitaki mkunga. Mahali mwizi anaponiambia "usilichimbe" ndipo ninapokwenda na jembe. Nakuja mwenyewe.

Tazuko


Tanashi, 2 Februari 1988

Tazuko,

Jana ulisimama katikati ya chumba cha kuchorea, mbele ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa nilipoanza kazi hii, ukaniita mwizi wa maiti. Wengine waliweka penseli chini. Binti wa ofisini alilia. Nilipokuomba tuingie ndani, ofisini kwangu, ukasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Nyie mlinizoeza kusema nikiwa nje."

Haya. Umetaka, utapata.

Lango lilifungwa mwezi wa Juni. Hadithi ya Mbweha wa Chumvi ililetwa mezani kwangu mwaka uliofuata, majira ya machipuko, na mwandishi ambaye hakuwahi hata kukutana na mume wako. Kabla ya hapo hapakuwa na mbweha. Sasa niambie wewe unayejua kila kitu: michoro ya mnyama ambaye hajabuniwa ilifikaje kwenye meza ya mtu aliyefukuzwa?

Alikuja mwenyewe. Alikuja nyumbani kwangu, mlango wa jikoni, mvua inanyesha. Hakusalimia. Akasema, "Nasikia mna mbweha."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema, "Anachorwa na nani?"

"Kurosu."

"Kurosu hajawahi kumtazama mnyama. Atachora mtu aliyevaa ngozi."

Nikamwambia, "Wewe umefukuzwa."

"Najua, uliyenifukuza ni wewe. Nipe karatasi, Kaka."

Usidhani alikuja kwa njaa. Mama alikuwa akiwaletea mchele, na mlikuwa mnakula. Alikuja kwa sababu hakuweza kumwachia mtu mwingine yule mnyama. Nikamuuliza, "Na Tazuko?" Akasema, "Tazuko yuko langoni kwako. Akijua ataniacha, na atakuwa na haki. Kwa hiyo hatajua, na jina langu halitaandikwa popote. Apa." Nikaapa.

Nilimpangia chumba Kawagoe, juu ya duka la wauza tofu ya soya. Alipokuaga asubuhi kwamba anakwenda kuchora mabango ya nyumba za kuogea, alikuwa anakwenda huko. Karibu kila hatua ya mbweha yule ni yake. Kurosu alichora milima.

Tangu siku hiyo nimekula matusi yako. Kwenye mazishi yake ulinigeuzia mgongo mbele ya ukoo mzima. Kwenye kumbukumbu ya miaka mitatu ulikataa kunimiminia chai, nikajimiminia. Nilinyamaza, kwa sababu niliapa kwa mdogo wangu. Jana umenitoa kwenye kiapo hicho kwa nguvu, kwa hiyo usije ukasema nimekuumiza.

Teizo


Tokorozawa, 27 Februari 1988

Mpenzi Fusae,

Nakuandikia wewe kwanza kabla ya wenzetu wengine wa chumba cha rangi, kwa sababu wewe ndiye uliyepoteza zaidi. Nataka usikie kutoka kwangu, siyo kwa watu.

Mineo wangu alichora Mbweha wa Chumvi. Tulipokuwa langoni, yeye alikuwa Kawagoe anawachorea. Shemeji Teizo ameniandikia. Sikumwamini, nikapanda treni kwenda kuhakikisha mwenyewe. Duka la tofu lipo bado. Mama mwenye duka amezeeka, lakini nilipotaja mchoraji uso wake ukachangamka: "Ah, bwana wa mbweha. Alikuwa akishuka kutazama mikono yetu majini tukikata tofu. Anasema anajifunza jinsi maji yanavyofunga nyuma ya kitu. Mtu mcheshi. Huko juu tulikuwa tunamsikia anacheka peke yake."

Anacheka, Fusae. Mimi jioni nilikuwa nakanda mabega yake nikimwonea huruma, msanii kama yule kuchora mabango ya bafu. Nilimfungia chakula kila asubuhi. Wali wa kuvunjia mgomo wetu niliupika mimi, nikautia na plamu ya chumvi katikati.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe nilikuwa naifua na kuipiga pasi.

Unajua tulishindwa kwa nini. Filamu ile isingekamilika, Teizo angelifungua lango mwenyewe kwa mikono yake. Ilikamilika, ikapendwa, na chama kikatuambia twende nyumbani. Wewe ulikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikuja kukupa habari nikakwambia, "Tumeshindwa, lakini hakuna aliyetusaliti kati yetu." Nakumbuka maneno yangu.

Picha yake nimeiondoa kwenye madhabahu ya nyumbani nikaiweka kabatini pamoja na miavuli. Sijampa wali wala ubani tangu nitoke Kawagoe. Akae na njaa.

Sijui nikuombe nini. Msamaha si wangu kuuomba. Nimeona tu usiendelee kuniheshimu bure.

Tazuko


Tsubame, 5 Machi 1988

Dada Tazuko,

Barua yako niliisomea kwenye shamba la mapeasi, nimekaa juu ya kreti, mama mkwe akadhani kuna mtu amekufa. Nimengoja siku kadhaa hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka sana, lakini nitaandika.

Nilijua.

Sote tulijua. Mwaka ule filamu ilipotoka, mimi na Yoshimi na wenzetu wawili tulikwenda sinema Ikebukuro kwa kujificha, mitandio mpaka puani, tukiwa tumepanga kuizomea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hatukuzomea. Mbweha alipotoka mtoni Yoshimi alinishika mkono akaniminya mpaka pete ikaniumiza. Akaninong'oneza, "Huo ni mkono wa shemeji Mineo." Dada, tuliipaka rangi mistari ile mchana kutwa, mwaka hadi mwaka. Wewe ulidhani ni wewe peke yako unayeijua? Tulikuwa tukiijua kama mtu anavyojua hatua za jirani kwenye ngazi.

Tukatoka tukaenda kula tambi, hakuna aliyezila. Yoshimi alitaka kuja kwako moja kwa moja. Mimi nikamzuia. Nikamwambia, "Tazuko kapoteza kazi, chama kinamponyoka, kabaki na mume. Tukimwambia, anabaki na nini?" Tukakubaliana. Basi. Uliponijia na habari za kushindwa, nikiwa na tumbo lile, ukasema hakuna aliyetusaliti, nilikutazama usoni nikasema, "Ndiyo, dada." Hilo nililisema kwa ajili yako, siyo kwa ajili yake.

Usiniombe nimsamehe, na vizuri hukuniomba. Alipofariki nilikuja mazishini nikachoma ubani, lakini midomo yangu haikumwombea kitu. Sikuwahi tena kupata kazi ya brashi. Mikono hii sasa hufunika mapeasi kwa karatasi ili ndege wasiyale. Nina hasira naye hadi leo, na kitu kinachonikasirisha kuliko vyote ni kwamba ile ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Angeichora vibaya ningempumzisha.

Na wewe pia umenikasirisha. Eti nisiendelee kukuheshimu bure. Nani alikwambia nilikuheshimu kwa sababu ya mumeo?

Fusae


Tokorozawa, 14 Machi 1988

Shemeji Teizo,

Ulisema ukweli. Nilikwenda Kawagoe. Neno la mwizi naliondoa, na waambie vijana wako nimeliondoa, na yule binti mwambie samahani.

Sasa usijinyooshe kitini, maana sijamaliza.

Unajisifu kwamba ulinyamaza ukala matusi yangu kwa sababu ya kiapo. Kiapo kile kilikuwa kitamu kwako. Ulijua udhaifu wa Mineo ni mmoja tu. Wewe ndiye uliyekaa naye utotoni akichora kwenye ukungu wa madirisha. Ulipomwona mlangoni analowa ungeweza kumwambia, "Rudi kwa mkeo. Lango likifunguliwa utamchora mbweha wako mbele ya watu." Maneno mepesi hayo, hata mlevi angeyasema. Badala yake ukampa karatasi. Ukamtumia mdogo wako kuwavunja wanawake waliokuwa wakimpikia chai. Yeye alisaliti kwa kupenda kitu. Wewe ulikuwa unapenda nini?

Nimegundua pia kwamba wenzangu wote walijua, wakaninyamazia. Mume alinificha nisimwache. Wewe ulinificha kwa sababu ya kiapo. Fusae alinificha nisivunjike. Kila mtu alinihurumia, na mimi nikazunguka miaka yote hiyo kama kipofu anayesifiwa anavyotembea vizuri. Nimechoka kulindwa. Nilikuwa mkuu wa chumba cha watu wazima, niliongoza mgomo. Ningeubeba ukweli huo kama nilivyobeba mengine.

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Kitabu chako kitaandika lango. Kitawataja wanawake wa chumba cha rangi kwa majina yao, yale ya kabla ya kuolewa na ya sasa, nitakuletea. Kitaandika kwamba Kashiwagi Mineo alifukuzwa pamoja nao, na kwamba huyo huyo ndiye aliyemchora mbweha kwa siri wakati wenzake wako nje. Ukurasa mmoja. Sitaki umpambe, wala sitaki umfiche. Ukiweka jina lake peke yake bila ya wale, nitakuja tena, na safari hii sitakuja peke yangu.

Tazuko


Tanashi, 6 Septemba 1988

Tazuko,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na jibu la kukupa mpaka kitabu kitoke. Nakuletea nakala tatu. Ni ukurasa wa 112.

Watu wa bodi walikataa. Mteja wetu wa vitu vya watoto alisema hawezi kuweka alama yake kwenye kitabu chenye migomo. Mwanasheria alifuta ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu. Nikaenda mwenyewe kwa mpiga chapa, tunafahamiana tangu enzi za ghala la miso, nikamwambia chapa ukurasa ule kama nilivyouandika. Akaniuliza, "Watakufanyaje?" Nikamwambia, "Hilo usijali."

Tayari wameshafanya. Kuanzia mwisho wa mwezi mimi si mkurugenzi tena.

Uliniuliza nilikuwa napenda nini. Nimelifikiria swali hilo tangu machipuko na kila jibu ninalopata linanitia aibu. Nilikuwa napenda kuitwa mtu aliyeanzisha kitu. Ndiyo hayo.

Teizo


Tokorozawa, 20 Septemba 1988

Shemeji Teizo,

Kitabu kimefika. Nilikisoma nimesimama jikoni, sufuria motoni, mboga zikaungua.

Majina yote yamo. Umekosea herufi moja ya jina la Yoshimi, atakutukana mwenyewe. Nimesoma ulivyoandika: "Studio ililifunga lango. Aliyeichora filamu iliyotuokoa alikuwa mmoja wa waliofungiwa nje. Alijificha kuichora, na mimi ndiye niliyemficha." Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kukutukana. Sijapapata, nimeudhika.

Usidhani tumepatana. Kufukuzwa kwako sikushangilii wala sikulilii, ila sasa utajua kahawa ya asubuhi ina ladha gani mtu akiwa hana pa kwenda. Fusae amekipokea kwa njia ya posta. Ameniandikia mstari mmoja tu: kwamba amemwonyesha binti yake jina lake, na binti akauliza, "Mama, kumbe ulikuwa mchoraji?"

Tarehe tisa mwezi ujao ni siku aliyofariki Mineo. Fusae anakuja kutoka Tsubame. Tutakwenda makaburini asubuhi. Njoo. Ubani usilete, wala maua, wala pombe yake aliyoipenda. Lete ndoo na brashi, jiwe lina kuvu.

Nikimaliza kulisugua nitazungumza naye kwa sauti. Nina mambo ya kumwambia ambayo nilipaswa kumwambia mwaka 1973, naye alikuwa hai na ana masikio, nami nitayasema yote mbele ya makaburi ya majirani bila kuona haya. Fusae naye ana yake.

Wewe utasimama karibu, usikie. Nusu ya maneno hayo ni yako, na wewe bado unaweza kujibu.

Tazuko